Yajue Maji kwa Mikono Yako: Majaribio ya Jikoni kwa Watu wa Nyanda za Juu Kusini

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza sifa za maji, atakujibu bila kuvuta pumzi: hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Amekariri. Sasa mwulize kwa nini maharage yanayoiva upesi Dar es Salaam yanamaliza mkaa Makete, au kwa nini barafu huelea kwenye glasi badala ya kuzama, uone anavyotazama dari. Simlaumu. Orodha aliyopewa inataja vitu ambavyo maji hayana, na uhai hautegemei vitu hivyo hata kimoja.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu au mwanafunzi aliyeko Mbeya, Iringa, Njombe au jirani na huko. Kwa somo hili tumependelewa. Tuna mwinuko, tuna baridi ya Juni na Julai, tuna Ziwa Nyasa lenye kina cha kutisha, na tuna mashamba ya viazi yanayobabuliwa na sakitu. Mengi ambayo wenzetu wa pwani huyasoma kitabuni, sisi tunayaona tukifungua mlango alfajiri.

Nitakachojaribu kukuonyesha ni kimoja: karibu kila ajabu ya maji inatokana na namna molekuli zake, yaani chembe zake ndogo kabisa, zinavyong'ang'aniana. Ukilishika hilo, mengine utayatabiri mwenyewe kabla sijayasema.

Vifaa

Tafuta glasi tatu, sarafu, bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano (duka lolote la dawa wanalo), klipu ya karatasi, sabuni ya maji, chumvi, sukari, mafuta ya alizeti, magadi, limao, rangi ya chakula, maputo mawili, mshumaa, choya kavu (rosela) kiganja kimoja, maua meupe mawili yenye mashina, na barafu. Kipimajoto cha maabara kikipatikana kitakusaidia sana. Cha kupimia homa hakifai: kinaishia nyuzi joto 42, ukikitia kwenye maji ya moto kitapasuka, na kama ni cha zebaki utakuwa umeleta sumu jikoni. Penye moto, mtu mzima awepo.

Hatua ya 1: Chora molekuli

Usiruke hatua hii kwa kuwa haina maji. Chora duara kubwa, ndiyo oksijeni. Chini yake chora maduara mawili madogo ya haidrojeni, lakini yasikae kwenye mstari ulionyooka; yaache yakunje pembe ya kama digrii 104.5, iliyofunguka kidogo kuliko kona ya daftari. Mkunjo huo ndio chimbuko la yote. Oksijeni huzivutia elektroni, chembe ndogo zenye chaji hasi, kwake kwa nguvu kuliko haidrojeni, kwa hiyo upande wake una chaji hasi kidogo, na kwenye haidrojeni kunabaki chaji chanya kidogo. Weka alama za kutoa na kujumlisha mahali pake.

Chora molekuli ya pili jirani, haidrojeni yake ikielekea oksijeni ya ile ya kwanza, kisha ziunganishe kwa mstari wa nukta. Hiyo ndiyo bondi ya haidrojeni. Ni dhaifu, nguvu yake ni kama sehemu moja ya ishirini ya bondi iliyo ndani ya molekuli yenyewe, na hukatika na kuungwa upya muda wote, kama watoto wanaocheza kwa kushikana mikono: akiachiwa huyu anadakwa yule. Molekuli moja inaweza kushikana na nyingine hadi nne kwa wakati mmoja.

Bila nukta hizo maji yangekuwa gesi. Kuna gesi inayonuka yai viza, haidrojeni salfaidi. Molekuli yake ni nzito kuliko ya maji, na kwa kawaida kitu chenye molekuli nzito huchelewa kuchemka. Lakini yenyewe huchemka kwenye nyuzi joto 60 chini ya sifuri, kwa sababu molekuli zake hazishikani namna hii.

Hatua ya 2: Jaza sarafu hadi iote kilima

Kausha sarafu, iweke mezani. Kila aliyepo abashiri idadi ya matone itakayobeba, aandike. Kisha dondosha maji kwa bomba la sindano, tone moja moja, ukishusha macho usawa wa meza. Utaona maji yanapanda juu ya ukingo wa sarafu, yanavimba, yanatetemeka, na bado hayamwagiki. Waliobashiri kidogo wataanza kucheka. Sasa chovya ncha ya pini kwenye sabuni, gusa kilima hicho. Kinaporomoka papo hapo.

Rudia jambo hilo kwa njia nyingine. Weka kipande kidogo cha karatasi laini ya chooni juu ya maji kwenye glasi, klipu juu yake. Karatasi italowa na kuzama, klipu itabaki inaelea, ingawa chuma ni kizito kuliko maji karibu mara nane kwa ujazo ule ule. Ukitazama kwa pembeni utaona ngozi ya maji imebonyea chini ya klipu. Dondosha sabuni tone moja, klipu inazama.

Molekuli iliyo katikati ya maji inavutwa kutoka kila upande. Iliyo juu kabisa haina mwenzake wa kumshika kwa juu, hivyo inavutwa kwa pembeni na kwa chini, na uso mzima unakaza. Miongoni mwa vimiminika vya kawaida, zebaki tu ndiyo inayoyazidi maji kwa kukaza huko. Wadudu wanaokimbia juu ya madimbwi wanaishi kwa ngozi hiyo.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, usiozungumzwa sana madarasani. Ndani ya mapafu, vifuko vya hewa vimelowa maji, na mkazo huo huo ungevikunja visifunguke tena. Mwili hutengeneza kitu chake cha kupunguza mkazo, kinachofanya kazi iliyofanywa na sabuni juu ya sarafu. Mtoto anayezaliwa njiti huwa bado hajakitengeneza cha kutosha, ndiyo maana hupata shida ya kupumua.

Hatua ya 3: Yeyusha, kisha ushindwe kuyeyusha

Vitabu vingi hapa huleta jaribio la kitana: unakisugua kwenye nywele au sweta, unakisogeza karibu na mchirizi mwembamba wa bomba, mchirizi unapinda. Lifanye, watoto hulipenda, na Iringa mwezi wa Agosti hewa ilivyo kavu linakubali vizuri kuliko Tukuyu mvuani. Ila usiwaambie kuwa huo ndio ushahidi wa chaji za molekuli. Sehemu kubwa ya kupinda kule hutokana na chaji inayokusanyika kwenye mchirizi mzima. Ushahidi mzuri zaidi uko kabatini.

Tia maji ya kiasi kimoja kwenye glasi tatu. Ya kwanza weka chumvi kijiko kimoja kimoja ukikoroga, ya pili sukari, ya tatu mafuta ya alizeti. Mililita 100 za maji ya kawaida humeza chumvi kama gramu 36, baada ya hapo inabaki chini hata ukoroge vipi. Sukari huingia karibu gramu 200, mara mbili ya uzito wa maji yenyewe. Mafuta hayaingii kabisa.

Chumvi ni chembe zenye chaji: sodiamu ni chanya, kloridi ni hasi. Maji huzizunguka, yakigeuzia sodiamu upande wa oksijeni na kloridi upande wa haidrojeni, yakazitenganisha. Sukari haina chaji kamili, lakini imejaa sehemu zinazoweza kushikana na maji kwa bondi zile za nukta. Mafuta hayana pa kushikwa, kwa hiyo maji hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuyasukuma nje. Usiyadharau mafuta kwa hilo: utando wa kila seli umejengwa kwa molekuli za aina ya mafuta, na kama maji yangeyeyusha kila kitu, seli isingekuwa na utando wa kuizunguka.

Kwa mfano mkubwa, panda gari hadi kwenye chemchemi za maji moto za Songwe. Maji yanatoka ardhini yakiwa yamebeba madini ya chokaa yaliyoyeyuka, yakifika juu gesi ya kaboni dayoksaidi inatoroka, na chokaa inaganda kuwa mawe meupe. Ule utando mweupe ndani ya birika lako ni jambo hilo hilo kwa kiwango cha jikoni.

Ukiwa bado jikoni, loweka choya kwenye maji ya moto, chuja, gawa mara tatu. Kamulia limao kwenye glasi moja: inakolea wekundu. Tia magadi kidogo kwenye nyingine: inageuka samawati au kijani. Ya tatu iache ya kulinganishia. Asidi na besi zinafanya kazi ndani ya maji kwa sababu molekuli chache sana za maji hujigawa zenyewe na kurudiana kila wakati. Kwenye maji safi kabisa pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi, ni 7. Damu ya mtu hukaa karibu 7.4, na ikitoka hapo kidogo tu hali inakuwa ya hatari.

Hatua ya 4: Puto lisilopasuka

Puliza puto la kwanza, lisogeze juu ya mshumaa. Linapasuka mara moja. Puto la pili tia maji nusu glasi kabla ya kulipuliza, kisha shikilia sehemu yenye maji juu ya ncha ya mwali. Litashika masizi, halitapasuka upesi. Maji yanakunywa joto kabla mpira haujapata la kuyeyukia.

Kupandisha kilo moja ya maji nyuzi joto moja kunahitaji nishati ya jouli kama 4,186. Mchanga mkavu hutosheka na karibu moja ya tano ya hiyo. Ukienda Matema saa saba mchana utaelewa bila hesabu: mchanga unakufanya urukeruke, na maji ya ziwa hatua mbili mbele ni ya wastani tu. Usiku mambo yanageuka, mchanga umepoa na ziwa bado lina uvuguvugu. Ni kwamba joto linapoingia hutumika kwanza kulegeza mishikano ya molekuli, na linalobaki ndilo linaloziongezea mwendo. Mwili wako, ambao zaidi ya nusu yake ni maji, unanufaika na ukaidi huo. Ndiyo sababu joto lake halipandi na kushuka kila wingu linapopita.

Joto linalohitajika kubadilisha hali ndilo kubwa kupindukia. Kuyeyusha kilo ya barafu iliyo kwenye sifuri kunahitaji kilojouli 334, zinazotosha kuyatoa maji hayo hayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Kuigeuza kilo ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji karibu kilojouli 2,260. Lipime hili kwenye jiko la gesi, mkaa hautulii. Tia glasi mbili za maji kwenye sufuria isiyo na mfuniko, andika dakika hadi yachemke. Bila kugusa moto, endelea kuhesabu hadi yabaki nusu. Utashangaa muda wa pili ulivyo mrefu, na ni nusu tu iliyoondoka.

Ndiyo maana jasho kidogo linapoza mwili mkubwa: kila gramu inayokauka inaondoka na kama jouli 2,400 za joto lako. Na ndiyo maana maji ya chunguni ni baridi. Vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa Ikombe na kuuzwa Matema, hupitisha unyevu kidogo kidogo hadi nje, unyevu unakauka na kuchukua joto la maji yaliyobaki. Huna chungu? Funga chupa moja kwa kitambaa kilicholowa, nyingine iache wazi, ziweke kivulini penye upepo, baada ya saa moja zishike. Kyela wakati wa masika tofauti itakuwa ndogo, hewa imeshiba. Iringa kiangazi ni kubwa.

Hatua ya 5: Chemsha maji bila moto

Chukua maji ya kuoga yaliyokolea moto, ya kama nyuzi 50. Vuta mililita 5 kwenye bomba la sindano, sukuma hewa yote itoke, ziba tundu kwa kidole, kisha vuta mkono wa bomba kwa nguvu. Mapovu yatachachamaa ndani. Hayo maji yanachemka, kwa nyuzi 50. Ukiachia yanatulia.

Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyo juu yake. Ukipunguza uzito wa hewa, yanachemka mapema. Kupanda mlima ni kuvuta mkono wa bomba polepole: kila mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinashuka kama nyuzi moja. Dar es Salaam ni 100. Kyela, karibu mita 500, ni kama 98. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni 94. Uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600, ni 91. Weka kipimajoto kwenye sufuria yako inayochemka uone. Ongeza moto uwezavyo, namba haipandi. Unachoongeza ni mvuke na gharama ya mkaa.

Kwa hiyo mama anayelalamika kuwa maharage ya mwaka huu ni magumu huenda hana ugomvi na maharage. Yaloweke usiku kucha, na ukiweza tumia presha kuka, ambayo kazi yake yote ni kurudisha uzito wa hewa uliopotea na kuzidisha, maji yafike juu ya nyuzi 100.

Maji ya kunywa nayo yaangalie. Kinachoua vijidudu ni joto pamoja na muda. Ushauri unaofuatwa sana ni kuyaacha yachemke kwa kutokota dakika 1, na kama unaishi juu ya mita 2,000, kama sehemu nyingi za Makete, dakika 3.

Hatua ya 6: Barafu, na kilicho chini ya ziwa

Jaza chupa ya plastiki maji hadi mdomoni, usiifunge, isimamishe kwenye friza. Kesho yake utakuta barafu imechungulia nje kama uyoga. Maji yakiganda huongezeka ujazo karibu asilimia 9. (Usijaribu kwa chupa ya kioo. Waulize waliowahi kusahau soda kwenye friza.) Vimiminika vingi vikiganda hujibana na kuzama. Kwenye barafu kila molekuli imeshikwa na nne zilizoizunguka kwa umbali usiobadilika, katikati kukabaki nafasi wazi. Ndiyo maana kipande cha barafu huelea, sehemu tisa kwa kumi zikiwa chini ya maji.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Gandisha maji yenye rangi ya chakula yawe barafu. Iweke taratibu kwenye glasi ndefu ya maji ya vuguvugu. Barafu inabaki juu, lakini rangi inayoyeyuka inashuka chini kwa nyuzi nyembamba, kwa sababu maji baridi ni mazito kuliko ya vuguvugu. Kwenye glasi ya pili tia maji yaliyopozwa sana na barafu nyingi, kipimajoto kikigusa chini, uache mahali pa baridi. Kipupwe cha Mbeya usiku kinatosha. Chini hakutafika sifuri upesi. Kutang'ang'ania karibu na nyuzi 4, wakati juu kumeshashuka hadi kwenye moja au sifuri. Maji safi huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo yanaanza kujipanga kuelekea umbo la barafu, yanakuwa mepesi na kupanda juu.

Nchi za baridi kama Kanada zinaishi kwa tabia hiyo. Ziwa hupoa kutoka juu, maji ya nyuzi 4 yanazama, juu kunaganda, na barafu yenyewe inageuka blanketi. Samaki wanakaa chini wakingoja. Kama barafu ingezama, maziwa yangeganda kuanzia chini. Na huko kila baridi inapoisha na inapokaribia kuanza, joto la juu na la chini likilingana, upepo hulikoroga ziwa zima na kupeleka oksijeni hadi chini.

Ziwa Nyasa halipati bahati hiyo. Halina msimu wa kupoa kiasi cha kukorogeka lote. Maji ya juu, ya vuguvugu na mepesi, yamekaa mwaka mzima juu ya maji ya chini yaliyo baridi na mazito zaidi. Tofauti ni nyuzi chache tu, lakini inatosha kuyatenganisha. Kina cha ziwa kinafika karibu mita 700, na chini ya kama mita 250 hakuna oksijeni kabisa. Mbasa, dagaa wa Nyasa na mamia ya aina za samaki wanaolipa ziwa hilo sifa yake duniani, wote wanaishi kwenye tabaka la juu. Ukinunua dagaa Kyela, unanunua mavuno ya sehemu ndogo ya ziwa kuliko unavyoliona kwenye ramani.

Oksijeni ya maji unaweza kuishuku kwa macho. Jaza glasi maji baridi ya bomba, iweke juani. Baada ya saa moja au mbili vipovu vidogo vitaota kwenye kuta: ni hewa iliyokuwa imeyeyuka, inatoka kwa sababu maji ya moto hayawezi kuishika. Usawa wa bahari, lita ya maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9. Ya nyuzi 30, kama 7.6. Mbeya, kwa wembamba wa hewa yetu, punguza karibu moja ya tano. Mwenye bwawa la perege alikumbuke hilo anapojaza vifaranga wengi mno.

Hatua ya 7: Ua linalokunywa rangi

Maua ya pareto yanafaa, kama uko penye pareto. Ua lolote jeupe lenye shina laini litafanya kazi. Kata mashina mawili kwa mshazari, na uyakatie ndani ya maji. Ukikatia hewani, kiputo kinaingia na kukata uzi wa maji ulio ndani ya shina. Tia yote mawili kwenye maji yenye rangi nyingi, moja lifunike kwa mfuko wa plastiki, jingine liache wazi dirishani. Kesho yake petali za lililo wazi zitakuwa na mishipa ya rangi, na lililofunikwa litakuwa nyuma. Anayeyapandisha maji ni ukavu wa hewa: kila molekuli inayotoka jani inamvuta aliyeshikana naye, na yule anamvuta wa nyuma yake, hadi mizizini.

Huwezi kueleza mti mrefu bila hilo. Pampu inayonyonya kutoka juu ya kisima hutegemea hewa kuyasukuma maji, na hata ingekuwa pampu kamilifu, usawa wa bahari isingevuka mita 10 na kidogo. Mbeya mjini ni kama 8.4, na kwa pampu halisi hesabu 6 au 7. Fundi anayekuuzia pampu ya juu kwa kisima cha mita 12 huku kwetu anakupotezea fedha. Hapo pampu lazima ishuke chini. Lakini misindano ya Sao Hill inapandisha maji zaidi ya mita 20 bila kelele, kwa kuwa inayavuta kwa mshikano wake yenyewe, wala hewa haihusiki.

Hatua ya 8: Peleka yote shambani, usiku wa sakitu

Hii si ya jikoni, na ndiyo yenye fedha ndani yake. Sakitu hushuka usiku mkavu, usio na wingu wala upepo, Juni hadi Agosti. Ardhi inapoteza joto kuelekea angani, hewa baridi ni nzito, inatiririka na kukaa mabondeni. Viazi vya bondeni vinaungua, vya mteremkoni vinapona, na jirani anadhani amerogwa. Barafu ikijitengeneza ndani ya jani inavuta maji kutoka kwenye seli na kuharibu utando wake, jua likitoka jani linalegea na kuwa jeusi.

Ukiona mchana umekuwa wazi, upepo umetulia na jioni baridi inakata, mwagilia mapema mchana, si usiku. Udongo uloe hadi kina cha sentimita 20 au 30, usituamishe maji, kwa sababu viazi vilivyofurikwa utavipoteza kwa kuoza. Udongo uliolowa unameza joto jingi la jua la mchana, kwa sababu ya ule ukaidi wa hatua ya 4, na unalirudisha polepole usiku. Matandazo makavu yaondoe kati ya mistari kwa siku hizo. Yanazuia joto la udongo lisiyafikie majani.

Mwenye mtambo wa kunyunyizia anaweza kwenda mbali zaidi. Kila kilo ya maji inayoganda juu ya majani inaachia zile kilojouli 334, na jani lililo ndani linabaki karibu na sifuri bila kushuka zaidi, hata likiwa limevikwa barafu. Ila washa kabla kipimajoto hakijafika sifuri, kikiwa kimewekwa usawa wa majani na si ukutani mwa nyumba, na usizime katikati kwa kuhurumia dizeli. Ukizima, maji yaliyobaki yanaanza kukauka, na kukauka kunachukua joto karibu mara saba ya lile lililotolewa na kuganda, kwa hiyo jani linapoa kuliko ambavyo lingepoa bila kunyunyiziwa. Acha mtambo uendelee hadi jua limetoka na barafu imeanza kudondoka yenyewe kwenye mashina, kwa kawaida saa mbili au tatu asubuhi.